Kovu Liulizwe Mwisho

Mwanamke aliyeamua kuondoa silikoni kifuani huja kwa daktari na maswali mawili, na mara nyingi huyauliza kwa mpangilio huu: mshono utaonekana wapi, na titi litalala kiasi gani. Daktari naye, hasa anayevuta wateja kwa picha za kabla na baada, humfuata kwenye mpangilio huohuo. Humwonyesha mbinu yenye kovu fupi, humtajia bei, na mazungumzo yakaishia hapo. Hoja ya sura hii ni kwamba mpangilio huo umesimama kichwa chini, miguu juu. Kovu ni swali halali, na kwa ngozi zetu ni swali zito, lakini ni la mwisho. La kwanza ni damu: chuchu hii italishwa na mshipa upi baada ya kisu kupita mara ya pili? La pili ni nyama: silikoni ikishatoka, kimebaki nini cha kuinua? La tatu ni wakati: kazi yote ifanywe siku moja, au titi lipewe miezi kadhaa litulie kwanza? Matatu hayo yakijibiwa, mbinu ya kuinua karibu hujichagua yenyewe, na kovu hufuata pale mbinu ilipolipeleka.

Msomaji wa Rhonda, mtaa wa Nakuru, anaweza kucheka kidogo hapa. Mtaani ambako watu wanahangaikia kodi ya chumba na maji ya mtungi, nani ana silikoni? Lakini silikoni huwekwa Nairobi, Istanbul au Dubai, na mwenye nayo hurudi kwao. Upasuaji wenyewe ni saa mbili tatu katika chumba chenye baridi mahali pengine. Kupona ni majuma na miezi, na hufanyika nyumbani, kilomita 160 hivi kutoka Nairobi alikobaki daktari aliyeshika kisu. Tena, karibu yote yatakayosemwa hapa juu ya damu ya chuchu yanamhusu pia mama mwenye matiti mazito yanayomkata mabega, anayetaka yapunguzwe, kwa sababu upasuaji ule hutumia mishono hiihii na una hatari hiihii. Basi tusimcheke mtu.

Kuondoa silikoni si ajabu, wala si dalili kwamba aliyeiweka alikuwa mjinga. Mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilisema wazi kwamba vipandikizi vya matiti si vifaa vya kudumu maisha yote, na kwamba hadi mwanamke mmoja kati ya watano waliowekewa kwa ajili ya umbo huhitaji kuviondoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Kapsuli, yaani kifuko cha kovu ambacho mwili hujenga kuzunguka kitu kigeni, hukaza na kuuma. Ganda hupasuka. Uzito wa mwili hubadilika, watoto huzaliwa, au mtu ametosheka tu na hataki tena. Juu ya hayo yakaja mawimbi matatu. Mwaka 1992 FDA ilizuia silikoni ya jeli kwa matumizi ya urembo, na haikuiruhusu tena hadi Novemba 2006. Mwaka 2010 kampuni ya Kifaransa ya Poly Implant Prothèse, PIP, ilibainika kujaza vipandikizi vyake jeli ya viwandani isiyoidhinishwa kwa tiba, na mwishoni mwa 2011 serikali ya Ufaransa ikawashauri wanawake wapatao 30,000 waviondoe. Julai 2019 Allergan iliondoa kwenye soko la dunia vipandikizi vyake vyenye uso wa kukwaruza, Biocell, kwa sababu ya saratani adimu ya limfu inayoota ndani ya kapsuli. Kila wimbi liliwaletea madaktari wagonjwa wengi kwa mpigo, matiti yaliyoachwa matupu, na ndipo walipolazimika kuandika walichokiona. Elimu ya kuinua titi baada ya kuondoa silikoni ilikua namna hiyo, nyuma ya matatizo.

Na titi lililoachwa si titi la zamani. Silikoni iliyokaa miaka kumi imefanya mambo matatu kwa pamoja: imetanua ngozi, imebana tezi ya maziwa hadi ikawa nyembamba, na kwa uzito wake imevuta sehemu ya chini ya titi kuelekea tumboni. Ikitoka, hubaki kama foronya iliyovuliwa mto, kitambaa kingi na cha kujaza hakuna. Tofauti ni kwamba ngozi iliyo hai hunywea. Kwa msichana wa miaka ishirini na kitu aliyewekewa kipandikizi kidogo chini ya msuli wa kifua, ngozi inaweza kurudi kwa kiasi kwamba baada ya miezi michache hakuna cha kuinua. Kwa mama wa miaka 45 aliyenyonyesha watoto watatu na kubeba kipandikizi kikubwa juu ya msuli, itarudi kidogo tu. Hakuna awezaye kusema kwa uhakika ni kiasi gani kabla kitu hakijatoka, na hilo peke yake lingetosha kumtia shaka mgonjwa anapotajiwa mbinu na bei kwa kutumiwa picha za simu.

Kuna vipimo, na si vigumu kuvielewa. Mwaka 1976 daktari Paule Regnault alipanga kulala kwa titi katika ngazi kwa kulinganisha chuchu na mkunjo wa chini ya titi: ikiwa kwenye usawa wa mkunjo au imeshuka kwa sentimita moja hivi, ni ngazi ya kwanza, ikishuka kati ya moja na tatu, ya pili, ikipita tatu na kutazama chini, ya tatu. Ngazi hizo bado zinatumika. Shida ni kwamba kwa mwenye silikoni kipimo hudanganya, kwa kuwa kipandikizi kinaweza kuwa kinaishikilia chuchu juu au kinaisukuma chini. Kwa hiyo daktari mwangalifu hafanyi haraka kuchora. Humketisha mgonjwa wima, hushika nyama ya juu ya titi kwa kidole gumba na cha shahada, huivuta mbele mbali na silikoni, kisha hupima unene wa kile alichokishika. Hufanya hivyo juu, chini, na pembeni. Ile nyama iliyo vidoleni ndiyo mali yote ya mgonjwa. Titi jipya litatengenezwa kwa hiyo tu, na kama ni nyembamba, hakuna mshono utakaoizidisha.

Mbinu zenyewe si nyingi kama majina ziliyopewa. Ya kwanza huzunguka duara jeusi la chuchu peke yake. Ngozi hukatwa pete, na uzi usiooza hupitishwa ukingoni na kukazwa, kazi iliyopata umaarufu kutokana na maandishi ya Louis Benelli ya mwaka 1990. Kovu lake ni fupi kuliko yote na limejificha pale rangi inapobadilika, kwa hiyo ndilo linalotangazwa zaidi. Lakini ina tabia mbili: hulaza titi liwe bapa, na mvutano wake hupanua duara na kovu kadiri miezi inavyopita. Sasa fikiria titi lililotolewa silikoni, ambalo tayari ni bapa na lina ngozi ya ziada pande zote. Ni vigumu kutaja titi linalofaidika kidogo zaidi na mbinu hii. Inafaa pale ambapo chuchu inahitaji kupanda sentimita moja au mbili na ngozi ni imara, na hali hiyo baada ya silikoni kubwa hutokea kwa nadra kuliko matangazo yanavyodai.

Ya pili hushuka kutoka kwenye duara moja kwa moja hadi karibu na mkunjo. Claude Lassus wa Ufaransa, Madeleine Lejour wa Brussels na Elizabeth Hall-Findlay wa Kanada ndio walioikuza. Daktari hukusanya nyama ya kushoto na kulia katikati na kuzishona pamoja ndani, hivyo titi hupata upana mdogo na kusimama mbele zaidi. Sehemu ya chini ya mshono huwa na makunyanzi kwa miezi kadhaa, na mgonjwa asipoambiwa mapema hudhani ameharibiwa. Ya tatu huongeza mshono wa mlalo kwenye mkunjo, ukawa T iliyopinduliwa. Mchoro wake ni wa Robert Wise, aliyeuchapisha mwaka 1956 baada ya kuchunguza jinsi vipande vya sidiria vinavyokatwa. Ndiyo yenye kovu refu, na ndiyo pekee inayoweza kuondoa ngozi nyingi kwa urefu na kwa upana kwa wakati mmoja. Kwa titi la ngazi ya tatu lililotolewa kipandikizi kikubwa, kuikwepa T kwa ajili ya kovu ni kukubali titi litakalolala tena huku likiwa na kovu lake.

Sasa tuje kwenye damu, maana hapa ndipo hoja yote inaposimama. Chuchu hulishwa kutoka pande kadhaa: mishipa inayotoboa karibu na mfupa wa kifua upande wa ndani, mingine inayokuja kutoka kwapani, mingine inayopanda kutoka kwenye mbavu kupitia msuli na tezi hadi juu, pamoja na wavu wa mishipa midogo chini ya ngozi. Katika titi ambalo halijaguswa, wingi huo ni akiba. Ukikata njia mbili, zilizobaki hubeba. Lakini aliyewekewa silikoni juu ya msuli ameshakatiwa njia ya mbavuni, kwa kuwa mfuko wa kipandikizi umepita katikati ya msuli na tezi kama ukuta. Kama iliingizwa kwa kukata ukingo wa duara la chuchu, upande huo wa ngozi nao una kovu. Akija daktari wa pili akachora mshono kana kwamba titi ni jipya, anaweza kukata njia ya mwisho bila kujua. Matokeo yake yana jina la kawaida katika vitabu vya tiba, kufa kwa chuchu: hugeuka samawati, kisha nyeusi, kisha hudondoka au hukatwa.

Kwa sababu hiyo, madaktari wanapojadili kuinua titi la namna hii hutumia muda mwingi zaidi kwenye shina kuliko kwenye mchoro wa ngozi. Shina ni kipande cha nyama kinachoachwa kimeunganishwa na chuchu ili kiilishe wakati inapandishwa. Linaweza kutoka chini, juu, au juu kwa upande wa ndani. Shina la chini, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa mazoea ya wengi katika kupunguza matiti, hutegemea mishipa ya mbavuni, ileile ambayo silikoni ya juu ya msuli imeikata. Na nyama ya chini ndiyo iliyokondeshwa zaidi na uzito. Shina la juu, au la juu kwa ndani, hupata damu karibu na mfupa wa kifua, mahali ambapo kipandikizi kwa kawaida hakijaharibu sana. Ndiyo maana wengi huegemea huko baada ya silikoni. Mgonjwa hahitaji kukariri haya. Inamtosha kuuliza, "Chuchu yangu utaiacha imeshikwa na upande gani, na kwa nini?" Jibu likija bila kusita na likataja upasuaji wake wa kwanza, yuko mahali pazuri.

Kanuni hii ni ya zamani kuliko silikoni, na Afrika Mashariki ina undugu nayo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Archibald McIndoe alitengeneza upya nyuso za marubani walioungua kule East Grinstead, Uingereza, akitumia bomba la ngozi lililobuniwa na Harold Gillies mwaka 1917: kipande cha ngozi huachwa kimeshikwa na mwili kwa shina lake, husubiriwa majuma kadhaa hadi kipate damu upande wa pili, ndipo hukatwa na kuhamishwa. Mwaka 1957 McIndoe, mwanafunzi wake Michael Wood, na Tom Rees wa New York, aliyekuwa na jina katika upasuaji wa urembo, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo tunaijua kama Amref. Watu hao hawakuona mpaka mkali kati ya urembo na tiba, na waliheshimu mambo mawili: nyama haiendi popote bila damu, na anayesubiri hatua ya pili hapotezi muda.

Hapa huinuka pingamizi la kwanza, na linatoka kwa wagonjwa wenyewe. Wanawake wengi wanaoondoa silikoni siku hizi wanalalamikia uchovu, maumivu ya viungo na ukungu wa mawazo, na wamesikia kwamba dawa ni kutoa kipandikizi pamoja na kapsuli yote kwa kipande kimoja. Malalamiko yao si ya kupuuzwa. Oktoba 2021 FDA iliagiza vipandikizi viuzwe na onyo kali linalotaja dalili za aina hiyo. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 uliwalinganisha wanawake waliotolewa kapsuli yote na waliotolewa sehemu yake tu, na nafuu ya dalili ilipatikana katika makundi yote. Kutoa kapsuli nzima ni lazima pale penye saratani ile ya limfu, ambayo dalili yake kubwa ni titi kuvimba maji ghafla miaka mingi baada ya upasuaji. Maji hayo hupimwa kabla ya lolote, na habari ya kuinua huwekwa kando mpaka majibu yatoke. Nje ya hapo, kila sentimita ya kapsuli inayobanduliwa kutoka kwenye tezi nyembamba ni mishipa midogo inayokatwa. Mwanamke anayetaka kapsuli yote itoke, titi liinuliwe, na chuchu ibaki salama, vyote siku moja, anaomba vitu vinavyovutana. Ana haki ya kuomba. Daktari ana wajibu wa kumwambia kwamba vinavutana.

Ndipo tunafika kwenye karatasi. Kumbukumbu ya upasuaji wa kwanza ina thamani kuliko picha yoyote: kipandikizi kiko juu au chini ya msuli, kiliingizwa kupitia wapi, ujazo wake ni mililita ngapi, ni cha kampuni gani, uso wake ni laini au wa kukwaruza, na kama titi liliinuliwa siku ileile ni shina gani lilitumika. Waliowekewa hospitali zinazojiheshimu hupewa kadi yenye namba ya kipandikizi. Kwa aliyefanyiwa Kenya, faili si siri ya kliniki. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata taarifa anayoihitaji ili kulinda haki yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuona data zake mwenyewe. Aandike barua, aweke nakala, asikubali kuambiwa aje kesho kila siku. Kwa aliyefanyiwa nje, au ambaye kliniki yake imefungwa, mambo ni magumu zaidi, na ugumu huo wenyewe ni jibu. Mahali ambapo hakuna anayejua njia zipi za damu zilishakatwa, mpango ulio salama ni wa hatua mbili: toa silikoni kwanza, subiri, kisha inua kama bado kuna haja.

Muda unaotajwa na wengi ni angalau miezi mitatu, na wapo wanaopendelea sita. Katika miezi hiyo ngozi hunywea, uvimbe huisha, mishipa mipya huota kuvuka pale palipokuwa na ukuta, na titi huonyesha sura yake ya kweli. Daktari anayerudi baada ya hapo anachora juu ya kitu kilichotulia, na mara nyingine mchoro unakuwa mdogo kuliko ule ambao angeuchora mwanzoni. Sisemi kwamba kufanya yote siku moja ni kosa. Tafiti zilizochapishwa zinaonyesha kwamba kwa wanawake waliochaguliwa vizuri, wasiovuta sigara, wenye nyama ya kutosha vidoleni na kumbukumbu kamili, kazi ya siku moja huenda salama. Ninachopinga ni kuifanya iwe kawaida kwa kila anayepita mlangoni.

Pingamizi la pili ni la pesa, na halijibiwi kwa maneno laini. Hatua mbili ni nusu kaputi mara mbili, thieta mara mbili, nauli mara mbili, likizo mara mbili, na kwa anayelipwa kwa siku, majuma mawili ya bila kitu mara mbili. Bima ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 si ya kulipia urembo. Hata hivyo hesabu ya mara mbili ina kasoro. Baadhi ya watakaosubiri hawatarudi kabisa kwa hatua ya pili, ama kwa sababu ngozi imejirudi, ama kwa sababu wamezoea titi dogo na hawaoni tena haja ya kisu. Na anayepata kidonda kisichofunga, au chuchu iliyokufa, hulipa hatua ya tatu na ya nne ambazo hakuna aliyemtajia bei. Lipo pia pingamizi la aibu, la kukaa miezi na kifua kilichonyauka, na hilo ni halali zaidi ya madaktari wengi wanavyokiri. Sidiria yenye sponji haimalizi huzuni. Lakini ni miezi inayojulikana mwisho wake, na mwanamke anayeambiwa ukweli huo mapema huibeba tofauti na anayeshtukizwa.

Sasa kovu. Watu wenye asili ya Kiafrika hupata keloidi kwa wingi zaidi, na katikati ya kifua ni miongoni mwa sehemu ambapo huota vibaya, pamoja na mabega na ndewe za masikio. Hii ndiyo hoja yenye nguvu ya wanaotaka kovu liulizwe kwanza: mikia ya ndani ya T iliyopinduliwa huelekea pale pale katikati. Lakini tazama inavyojibiwa. Keloidi haisababishwi na urefu wa mshono peke yake. Mvutano wa ngozi na kidonda kilichochelewa kufunga huchangia pakubwa. Mshono mfupi uliokazwa kwa nguvu kuzunguka duara, ukibeba ngozi ambayo ulipaswa kuigawia mshono mrefu, una mvutano mkubwa kuliko T iliyoshonwa kwa ulegevu. Daktari anayejua ngozi hizi hufupisha mkia wa ndani, huweka mzigo kwenye nyuzi za ndani badala ya za juu, na husoma historia mwilini kabla ya kuamua. Hapa Kenya historia hiyo haiko mbali: alama ya chanjo ya BCG kwenye mkono wa kushoto, matundu ya hereni, mshono wa kujifungua kwa upasuaji. Mwanamke ambaye sikio lake lilitoa uvimbe mkubwa kuliko hereni yenyewe ana sababu nzuri ya kuacha kuinua kabisa, au kukubali kwamba sindano za triamsinoloni zitakuwa sehemu ya mpango tangu majuma ya mwanzo. Na, kwa kejeli kidogo ya historia, moja ya vitu vinavyosaidia kulaza kovu ni bandiko la silikoni.

Lililobaki ni mahali pa kuponea. Kidonda kinachosumbua zaidi katika T ni pale mistari mitatu inapokutana chini ya titi, mahali penye damu haba, jasho na msuguano wa sidiria. Kikifunguka kidogo, kwa kawaida hupona kwa kusafishwa, lakini kusafishwa kunataka maji safi na mikono isiyobeba mizigo. Katika chumba kimoja cha Rhonda, mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na mtoto wa miaka mitatu hajui kwamba mama hanyanyui kitu hadi majuma manne au sita yaishe. Boda boda kwenye barabara yenye mashimo hutikisa mshono wa siku ya tano. Haya si mambo madogo ya kuachiwa mgonjwa ajipange. Ni sehemu ya uchaguzi wa mbinu. Kama hakuna dada, jirani au mama mkwe wa kuchota maji na kupika, hiyo ni sababu ya kuchagua kazi ndogo zaidi, kutoa silikoni tu, na kuahirisha T mpaka mtu apatikane. Vilevile sigara na shisha ziachwe angalau majuma manne kabla na baada, kwani nikotini hubana mishipa ileile tunayoihesabu. Ijulikane pia ni nani atakayekitazama kidonda kikifunguka usiku: daktari wa Nairobi kwa simu, au zahanati na hospitali ya rufaa ya Nakuru, ambako muuguzi wa zamu atahitaji barua yenye kueleza kilichofanyika.

Aliyefikisha miaka 40 apigwe mamogramu kabla ya kuinua, kwa kuwa saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi kati ya wanawake wa Kenya, na makovu ya ndani yanayoachwa na upasuaji huweza kumchanganya anayesoma picha baadaye. Anayepanga kuzaa asubiri azae. Na jina la daktari litafutwe kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, pamoja na fani yake ya ubingwa na leseni ya kituo chenyewe. Mwaka 2024 kifo cha mwanamke baada ya kupunguzwa mafuta jijini Nairobi kilionyesha kwamba ukumbi mzuri na akaunti yenye wafuasi wengi si leseni.

Siku ya kusaini, fomu ya ridhaa isomwe mstari kwa mstari. Fomu iliyoandikwa "kuondoa vipandikizi na kuinua matiti" imemfunga daktari na mgonjwa kwenye kazi moja hata pale ambapo, silikoni ikishatoka, chuchu inaonekana kupauka. Iandikwe badala yake kwamba silikoni itatolewa. Kwamba kuinua kutafanyika endapo nyama na damu vitaruhusu. Kwamba daktari ana idhini ya kuishia njiani. Ni kiasi gani cha kapsuli kitatolewa. Shina lipi linakusudiwa. Na gharama ya kurudi baada ya miezi, ikiwa kazi itaahirishwa, iwe imetajwa kwa shilingi kabla kalamu haijagusa karatasi.